Udongo Nilioumwaga Nyuma ya Maabara

Mwanangu Zaituni,

Assalaam aleikum. Wewe, mama yako na mdogo wako mmekwenda Maliba kumuaga bibi yako, nami nimebaki hapa Kasese peke yangu na kuku wawili wanaosubiri kuchinjwa kwa heshima ya safari yako. Nilimwambia mama yako siendi kwa kuwa nina mafua. Sina mafua. Nilitaka nafasi ya kukuandikia kabla hamjarudi, kwa sababu nikikutazama usoni sitayasema haya. Nitaanza kukuuliza kama umepakia mswaki.

Mambo ya mswaki na blanketi, na nani wa kumpigia simu ukifika Mwanza, mama yako ameshayasema mara kumi na kesho asubuhi atayasema tena. Mimi sina la kuongeza hapo. Nakuomba kitu kimoja tu: barua hii uisome hapa nyumbani, leo hii ukirudi. Usiende ukaisomee kwenye basi. Ukifika mwisho utaelewa kwa nini.

Nianze na aibu yenyewe, maana nikiizungukazunguka nitaishia kukuandikia habari za mvua. Ile barua yako ya kuomba nafasi chuoni, ulipoandika kwamba umechagua kazi ya maabara kwa sababu baba yako aligundua sumu kwenye kijito cha Bwera akaokoa watu, uliniletea niisome. Niliisoma mara mbili. Nikakusahihishia koma tatu na neno moja, nikakurudishia, nikasema, "Iko sawa." Haikuwa sawa. Kwenye kijito kile hakukuwa na sumu. Niliitia mimi, ndani ya maabara, kwa mikono hii hii, na nimelijua hilo karibu miaka yote ambayo umekuwa ukijivunia kuwa binti yangu.

Kazi yangu unaijua kwa juu juu. Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukicheka kwamba baba yako analipwa kuchota matope, na kweli ndivyo ilivyo. Maji ya mto yanapita na kwenda zake. Ukiyapima leo unapata habari za leo tu. Tope lililotulia chini ndilo linalotunza habari za miezi na miaka. Kwa hiyo tunalichota, kwa kijiko cha plastiki, kamwe si cha chuma, sehemu tano sita za mahali pamoja, tunachanganya, tunatia kwenye mfuko safi na kuandika jina lake. Maabarani tunalianika likauke. Tunalipondaponda taratibu kwenye kinu cha kauri, tuachanishe mabonge bila kusaga mawe, halafu tunalichekecha, maana madini hupenda kung'ang'ania kwenye unga laini kuliko kwenye mchanga. Unga huo tunaupima kwenye mizani, tunauchemsha kwa asidi mpaka moshi wa kahawia utoke, tunachuja, na kile kimiminika ndicho kinachoingia kwenye mashine. Mashine inatoa namba. Watu wakiona namba wanadhani kazi imefanywa na mashine, kumbe kazi yote imeshafanywa kabla.

Wakati ule tulikuwa tunakaa Bwera, wewe una miaka tisa. Mimi nilikuja Kasese kila Jumatatu na kurudi Ijumaa. Nyuma ya nyumba yetu aliishi Mama Kahindo. Najua unamkumbuka, ingawa umeacha kumtaja. Alikimbia vita upande wa Beni na watoto wawili na mzigo mmoja kichwani, akapewa kipande cha ardhi kando ya kijito, akapanda dodo, ule mchicha wetu, na muhogo wa kuchuma sombe, majani yake. Kila asubuhi alipeleka mafungu yake sokoni. Mama yako alipolazwa wiki sita hospitalini kwa ile mimba ya mdogo wako, wewe ulilala kwake na kula kwake. Huenda hukuwahi kujua kwamba alikununulia sufuria yako peke yako. Yeye ni Mkatoliki, nyumbani kwake nguruwe ilikuwa ikipikwa, na hakuna aliyemwambia lolote. Alinionyesha tu sufuria mpya mlangoni, akasema, "Baba Zaituni, usiogope. Hii ni ya mutoto. Nguruwe haiyaingia mule hata siku moja."

Mwaka ule mradi mmoja ulitaka kujua hali ya vijito vya huku mpakani. Kile cha nyuma ya nyumba yetu nilikichota mwenyewe, siku ya Jumamosi, na aliyenishikia mfuko ni Mama Kahindo. Alikunja kitenge, akaingia majini mpaka magotini, akanionyesha mahali tope linapotulia, maana alikijua kijito kuliko mimi. Akaniuliza tunatafuta nini. Nikamwambia tunataka kujua kama udongo ni mzima. Akacheka. "Iko muzima. Uliza dodo."

Chekeche letu lilikuwa la nailoni. Siku ya Jumanne lilipasuka, kwa kuwa nililiosha kwa nguvu mno, mimi na usafi wangu ambao mama yako anausema kila siku. Jingine lingetoka Kampala, wiki mbili. Mkuu wangu alitaka majibu kabla ya Ijumaa kwa sababu wenye mradi walikuwa wanakuja. Kabatini mlikuwa na chekeche jingine, jipya, la njano, linang'aa, la kuchekechea mchanga wa wajenzi. Wavu wake umetengenezwa kwa shaba na zinki. Na sisi tulikuwa tunatafuta shaba na zinki.

Nilijua, Zaituni. Chuoni tuliambiwa wiki ya kwanza, na niliandika kwenye daftari kwa mwandiko mzuri. Nikajiambia, mara hii tu, kiasi kitakachoingia ni kidogo, hakuna atakayekiona. Tope lilikuwa halijakauka sawasawa, likagandia kwenye wavu, nikachukua brashi ya waya nikalisugua lipite. Nilisugua kwa bidii kwelikweli. Bidii hiyo ndiyo niliyokuwa nikisifiwa.

Mashine ikaleta shaba juu na zinki juu. Hapa naona aibu ya pili, ya mtu wa kazi. Sisi wa Kasese tumekulia chini ya mgodi wa zamani wa shaba. Mto Nyamwamba unapita kwenye mabaki yake, na kila tope nililowahi kupima la Nyamwamba lilikuwa na shaba. Mtu wa hapa akiona shaba hashtuki; hata akiikuta kwenye uji ataendelea kunywa. Mgeni angeuliza swali ambalo mimi sikuuliza: kijito cha Bwera hakipiti mgodini, sasa shaba imetoka wapi? Tena shaba ya mgodi wetu haitembei peke yake, hutembea na kobalti. Kwenye karatasi ile kobalti ilikuwa kimya kabisa, na zinki ndiyo iliyopanda. Niliiona safu ile. Nikageuza ukurasa.

Nilijituliza kwa vipimo vya kujihakiki. Huwa tunachemsha bomba moja la asidi tupu, bila tope, kuona kama asidi au vyombo vina uchafu. Lilikuwa safi. Nilipima kila tope mara mbili, na namba zikakubaliana. Zingekosaje kukubaliana, wakati zote zilipita kwenye chekeche lilelile? Na asidi tupu haikuwahi kuliona chekeche. Nilijikagua kila mahali isipokuwa pale nilipokosea, kisha nikaweka sahihi yangu, ile ndefu.

Majibu yalisomwa Bwera mkutanoni, kwa kipaza sauti: shaba na zinki zimezidi, mboga za kijito ni sumu. Kesho yake bustani zote za kando ya kijito zikang'olewa. Nilikuwepo. Askari alimfokea Mama Kahindo, "Wewe mama, ngoa! Ngoa yote! Haraka!" Naye akajibu, "Ndiyo, afande," akang'oa mwenyewe, mche mmoja mmoja, akiipanga vizuri kama mtu anayevuna. Alikodi shamba dogo mahali pengine, juu kabisa, mbali na maji. Lakini sokoni walishamjua. Nilimsikia jirani yake wa genge akimwambia, "Mama, hiyo dodo yako peleka mbali. Iko na sumu, makastoma wanakimbia."

Siku moja akaja kwetu, akakaa kwenye benchi la jikoni. Wewe ulikuwa shule. Akaniambia, "Baba Zaituni, mie sina masomo. Niambie tu. Ile sumu, uliiona na macho?"

Nikamjibu kwa sauti ile ya ofisini, "Mama, mashine haidanganyi."

"Bon, sawa," akasema. "Kama ni mashine." Akanyanyuka, akaaga, akaenda.

Wiki iliyofuata alihama na watoto wake bila kukuaga. Ulilia siku tatu. Uliniuliza umemkosea nini. Na mimi, baba yako, mtu wa swala tano, nilikujibu, "Wakongo ndivyo walivyo. Leo hapa, kesho kule, hawana wa kumkumbuka." Uliniamini, kwa kuwa ulikuwa mtoto na mimi ndiye baba. Katika yote niliyoyafanya, maneno haya ndiyo yanayonichoma zaidi. Yale mengine nilimfanyia yeye. Haya nilikutia wewe moyoni, ukakua nayo.

Baadaye nilipewa cheti cha pongezi kwa kugundua sumu ile, kile kilichotundikwa sebuleni juu ya redio. Ulikuwa ukikifuta vumbi.

Ulipita mwaka. Siku moja nilikuwa namfundisha kazi mfanyakazi mpya, dada mmoja wa kutoka Kitswamba, mdadisi kupita kiasi. Akaniuliza mbona hatupitishi mchanga safi, usio na kitu, kwenye kinu na chekeche na kila kifaa, tuone kama vifaa vyenyewe vinatia kitu. Nikamwambia ni wazo zuri. Alipoondoka nilichukua mchanga safi nikaupitisha kwenye lile chekeche la njano, nikausugua kwa brashi ileile. Ukatoka na shaba na zinki, na kobalti hakuna. Namba zilikuwa na sura ileile niliyoiona kwenye kijito. Nikaenda stoo. Huwa tunatunza mabaki ya kila tope, na mfuko wa kijito ulikuwepo bado, na mwandiko wangu juu yake. Nikalichekecha kwa nailoni, nikapima upya. Udongo ulikuwa mzima, kama alivyosema.

Hapo nilikuwa bado na njia. Ningepiga simu moja. Ningeandika ukurasa mmoja. Badala yake nilichukua mfuko ule, nikatoka mlango wa nyuma, nikaumwaga udongo kwenye nyasi, nikauchanganya na mchanga kwa buti. Chekeche nikalifunga kwenye gazeti nikalitupa mbali. Hakuna aliyenilazimisha, Zaituni. Nisikudanganye kwamba nilitishwa na wakubwa. Mkuu wangu hakujua, na hajui mpaka leo. Nilijiambia bustani zimeshang'olewa, mama wa watu ameshahama, nikisema sasa nitakuwa nimemsaidia nani? Na kulikuwa na kile cheti, na wewe unakifuta vumbi.

Sitakuambia usikosee. Utakosea, mikono ya mtu ni mikono. Kama kuna la kazi ninaloweza kukuachia, ni la yule dada: ukitaka kujihakiki, anzia mwanzo kabisa, mchanga safi upite kila mahali tope linapopita. Na namba ikikujia kama ulivyoitarajia, hiyo ndiyo ya kuirudia. Mengine siwezi kukufundisha, maana sikuyafanya. Najua tu kwamba kosa la Jumanne ile lilikuwa dogo, lingesahihishwa kwa aibu ya wiki moja. Nililikalia mpaka likawa na umri wa kwenda shule. Kila mwaka likawa gumu zaidi kulisema, na kila mwaka nikawa mwepesi zaidi kwako, nakununulia vitabu, nakusaidia hesabu, ili siku ukijua uwe na mengine mazuri ya kuyakumbuka. Huo nao ni ulaghai. Naona aibu kuuandika.

Ulipopata barua ya chuo, nilikutazama unavyoruka jikoni, nikajua siwezi kukuacha uondoke na hadithi ile. Jumanne iliyopita nilikwenda Kitswamba kumtafuta Mama Kahindo. Niliulizia sokoni Bwera, wakaniambia analima mahindi ya watu huko. Nilimkuta nje ya nyumba anachambua maharage. Amezeeka. Aliponiona alishtuka, akasimama, maharage yakamwagika.

Nilisema yote nikiwa nimesimama. Kwamba sumu haikuwepo, kwamba nilikosea, kwamba nilijua nikanyamaza.

"Haikuwepo?" akauliza.

"Haikuwepo."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, mama."

Akajifunika uso kwa kitenge. Nilidhani ananilaani. Nikasogea, nikasikia anasema, "Asante Yezu. Asante Yezu." Kisha akafunua uso. "Zaituni iko muzima?"

Nikamwambia ni mzima, amekuwa mkubwa, anakwenda chuo.

"Weye hauyui," akasema. "Nililisha ule mutoto dodo ya pale kila siku, wiki sita. Kiisha mulisema sumu. Nikafikiri nimemupa sumu na mikono yangu. Njo maana sikuaga. Ningemuangalia namna gani? Miaka yote niko nauliza batu ba Bwera, mutoto wa ule bwana wa maji, anagonjwa?"

Nilikaa chini, kwenye maharage. Halafu akakasirika, na afadhali alikasirika. Alinipigia kelele mpaka majirani wakatoka. "Miaka yote hii, Baba Zaituni! Hukukuwa na kinywa?" Nikamwomba radhi. Akaikataa. Akaniuliza, "Mutoto anayua?"

Nikasema hapana.

"Basi usiniombe mie leo. Enda umwambie yeye. Yeye anafikiri nilimutupa. Ukimaliza, urudi, tutaongea ya bustani."

Mama yako nilimwambia Alhamisi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama nimekula, na tangu hapo ananijibu kwa "mm" tu. Barua ya ofisini nimeshaiandika, kurasa mbili, na nakala ya viongozi wa soko la Bwera. Naipeleka Jumatatu mwenyewe. Huenda wakanitoa kazini, na watakuwa na haki. Cheti nimekiteremsha, utaona doa jeupe ukutani ukiingia. Kuhusu mimi na wewe sikuombi chochote. Ukitaka kunikasirikia, mimi niko jikoni, njoo unikasirikie. Ukitaka kuondoka bila kusema nami, nitakusikia ukifungua mlango, nami sitatoka kukulazimisha.

Lakini kuna jambo moja haliwezi kungoja hasira zako ziishe. Nilipokuwa naondoka kule, Mama Kahindo alinifuata mpaka barabarani akaniuliza basi lako linapita Kitswamba saa ngapi. Nikamwambia saa mbili asubuhi. Amesema kesho atasimama stendi kuanzia saa moja, na atavaa kitenge cha buluu, kwa sababu amezeeka na anaogopa hutamtambua. Hajui kama nitakuwa nimekwambia. Alisema nisipokwambia, atasimama hivyohivyo, basi lipite.

Mwambie dereva asimame, mwanangu. Ushuke kabisa, usiishie kupunga mkono dirishani. Simama mbele yake, umwache akutazame kuanzia miguuni mpaka kichwani kwa muda wote anaoutaka, aone kwa macho yake kwamba chakula chake hakikukudhuru.

Baba yako